Mtekelezaji wa Amri: Riwaya Tatu na Swali Moja

Katika likizo hii nimesoma riwaya tatu ambazo kwa mtazamo wa haraka hazina undugu. Ya kwanza ni Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1979. Ya pili ni Haini ya Adam Shafi, ya mwaka 2003. Ya tatu ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Nobeli. Moja inahusu vijiji vya ujamaa, nyingine gereza la Zanzibar, na ya mwisho misafara ya biashara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nilipozimaliza, aliyebaki kichwani mwangu ni mtu mmoja aliyemo katika zote tatu. Huyu hatoi amri, wala yeye siye anayelengwa nayo. Kazi yake ni kuitekeleza.

Nianze na Kezilahabi. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Vitabu vya historia hueleza jambo hilo kwa idadi ya vijiji na ya watu waliohamishwa. Gamba la Nyoka inatupeleka Kisole, mahali ambapo watu wanakataa kuhama na dola inawajia kwa nguvu. Wapo pia vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaorejea nyumbani na kukuta elimu yao inatakiwa itumike kuujenga ujamaa ule ambao wazee wao wameuonja kwa mabavu. Nilivutiwa na namna mwandishi asivyotaka kutupatia jibu jepesi. Hawacheki wanaoamini usawa, na hawapambi waliopigwa wakaonekana watakatifu. Kasoro ninayoiona ni kwamba wasomi wake wanaongea mno. Kuna kurasa ambapo nilisikia mhadhara badala ya watu wawili wakizungumza. Hata hivyo jina la kitabu halijachakaa. Mwaka 2011 chama tawala kilipotangaza kujivua gamba, msomaji wa Kezilahabi alikuwa na haki ya kukumbuka kwamba nyoka akishajivua gamba hubaki kuwa nyoka.

Haini ni kitabu kigumu kukisoma kwa siku moja, na sikujaribu. Chimbuko lake ni yaliyofuata baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Ilimchukua miaka 31 tangu tukio lile hadi kitabu kuchapishwa. Katika hadithi hii neno moja, haini, linatosha kumtoa mtu katika hesabu ya watu. Akishaitwa hivyo, mlinzi wa gereza haoni haja ya kujiuliza kama ana mke, ana watoto, au kama amefanya lolote. Watesaji hawatafuti kujua kilichotokea. Wanatafuta maungamo yatakayolingana na walichokwisha kuambiwa. Maoni yangu ni kwamba Shafi anamjua mfungwa kwa undani kuliko anavyomjua mlinzi wake. Ningependa kumfuata mlinzi mmoja hadi nyumbani kwake, nione anavyokula chakula cha usiku na watoto wake baada ya kazi ile. Lakini siwezi kumdai aliyeonja kizuizi awe na huruma hiyo.

Kwa upande huo, ni Gurnah aliyenipa nilichokikosa. Yusuf ana umri wa miaka 12 baba yake anapomtoa rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Mtoto anadhani anakwenda kwa jamaa yake. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana mwingine aliyetolewa rehani kabla yake, ambaye sasa anaendesha duka la bwana. Khalil anamfundisha namna ya kumwita Aziz, namna ya kuinamisha kichwa, na namna ya kusahau alikotoka. Anafanya yote hayo kwa mapenzi ya kaka kwa mdogo wake. Hilo ndilo lililonishtua: utumwa hapa unafundishwa kwa upole, na anayeufundisha ni mtumwa. Bustanini yupo Mzee Hamdani, aliyewahi kuambiwa kwamba sasa ameachiwa huru, akaikataa zawadi hiyo kwa hoja kwamba aliyeitoa hakuwa na uhuru wa mtu mwingine wa kumgawia. Na mwisho Yusuf, anayeitamani njia ya kutoka, anakimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Anatoka katika amri moja kuingia katika nyingine. Tafsiri ya Hadjivayanis imekirudisha kitabu hiki kwenye lugha ambayo watu wale wangezungumza, na mwanafunzi asiyemudu Kiingereza hana tena sababu ya kukikosa.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, sasa afisa katika halmashauri moja, alinieleza jinsi alivyosimamia kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara alfajiri. Meza zilivunjwa, na mama mmoja mwenye sufuria ya maharage mkononi alimwuliza, “Baba, nikaziweke wapi?” Kijana akaniambia, “Mwalimu, mimi nilikuwa natekeleza tu.” Sikumlaumu, kwa kuwa nafahamu mshahara wake unalisha watu wangapi. Lakini nilimwona Khalil, nikamwona na Mambosasa. Wala sikuweza kukubali lile neno “tu”.

Wapo wanaoniuliza riwaya inamsaidia nini mtumishi wa umma, mwenye nyaraka, miongozo na taarifa za utekelezaji. Jibu langu ni kwamba taarifa ya utekelezaji haina nafasi ya kuandika sufuria ya maharage. Ina nafasi ya idadi ya meza zilizoondolewa. Riwaya ndiyo inayolibeba swali la yule mama, na inamlazimisha msomaji kukaa nalo kwa kurasa mia mbili bila mahali pa kulipeleka kwa hatua zaidi. Mtu aliyezoea kukaa na swali la namna hiyo hataacha kazi kesho. Ila anaweza kuomba siku tatu za notisi kabla ya ubomoaji, au kutaka amri ije kwa maandishi yenye jina la aliyeitoa. Hayo si mambo madogo kwa anayebomolewa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu wasizisome riwaya hizi kwa ajili ya mtihani peke yake, kwa kukariri dhamira na wahusika. Wengi wenu mtakuwa watendaji wa kata, maafisa, mahakimu na askari. Siku mtakapokabidhiwa orodha ya majina ya watu wa kuondolewa, hamtakuwa na muda wa kwenda maktaba. Someni sasa, na mnaposoma mtafuteni yule wa katikati: amepewa amri na nani, na alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana?