Safari ya Mji Mkongwe: Hesabu Mara Utakazolala

Mavuno yakiisha, watu wengi vijijini hupata nafasi ya kupumua. Baadhi yao huja Dar es Salaam kuona maonyesho ya Sabasaba. Kwa kawaida maonyesho hayo huanza 28 Juni, katika viwanja vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, huku Temeke. Wakishaona maonyesho, huuliza: "Bwana shamba, tumekwisha fika pwani. Je, turudi bila kuuona Mji Mkongwe wa Unguja?"

Mimi ni bwana shamba. Kituo changu kiko pembezoni mwa Temeke, na nimefuatana na vikundi vya wakulima kwenda Unguja zaidi ya mara moja. Jibu langu ni kwamba inawezekana. Mji ule si wa wageni wenye dola peke yao. Mkulima naye anaweza kwenda, akalala mahali safi, akaona, akarudi salama. Lakini lazima afanye mpango. Na mpango huo aufanye akiwa bado kijijini, kwa kalamu na daftari.

MJI WENYE UKUTA WA MAJI

Miji mingi ya kale ilizungushiwa ukuta. Harar kule Ethiopia una ukuta hadi leo. Gede kule Kenya, karibu na Malindi, ulikuwa na ukuta, na magofu yake yapo. Mji Mkongwe ulikuwa na ukuta wa namna nyingine. Ukuta wake ulikuwa maji.

Upande wa magharibi kuna bahari. Upande wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani. Maji yalipojaa, mji ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo sababu mahali pale panaitwa Darajani. Upande wa pili wa maji paliitwa Ng'ambo. Huko ndiko walikokaa watu wengi wasio na mali. Baadaye maji yale yalifukiwa. Leo inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, nawe utavuka kwa miguu bila kujua kwamba zamani hapo palikuwa na bahari.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni wengi huja kuuona, na kwa sababu hiyo bei za vyumba hupanda. Hapo ndipo mpango unapotakiwa.

HESABU MARA ZA KULALA

Watu wengi huhesabu siku za kutembea. Husema: "Unguja siku mbili, basi nitalipa chumba mara mbili." Hesabu hiyo ina pengo. Usihesabu siku. Hesabu mara utakazolala nje ya nyumba yako.

Tuseme unatoka mkoa wa mbali. Hesabu yako itakuwa hivi:

Mara ya kwanza: Dar es Salaam. Basi limefika jioni, nawe utapanda boti kesho yake.

Mara ya pili: Unguja.

Mara ya tatu: Unguja.

Mara ya nne: Dar es Salaam tena. Umerudi kwa boti ya mchana, na mabasi mengi ya mbali huondoka alfajiri.

Kwa hiyo utalala mara nne, si mara mbili. Mara ya nne ndiyo inayosahauliwa. Mtu hushuka kwenye boti jioni, mfukoni amebakiza nauli ya basi peke yake. Hana pa kulala wala hana ndugu mjini. Akilala nje ya kituo cha mabasi, anaweza kuibiwa hata hiyo nauli.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, uliza bei za kweli kabla ya kuondoka. Tuseme chumba Temeke ni shilingi 20,000, na chumba Unguja ni shilingi 40,000.

Dar es Salaam: mara 2 × 20,000 = 40,000.
Unguja: mara 2 × 40,000 = 80,000.
Jumla: 120,000.

Aliyehesabu mara mbili za Unguja tu alikuwa na 80,000. Amepungukiwa na 40,000. Lakini watu wawili wakilala chumba kimoja, kila mmoja atalipa 60,000 kwa mara zote nne. Unaona faida ya kusafiri wawili wawili.

KIKUNDI KIMOJA KILIVYOFANYA

Niliwahi kufuatana na wakulima tisa wa kusini. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtu mzima. Bibi yake alimsimulia kwamba katika ukoo wao kuna mtu aliyekamatwa zamani, akapelekwa Kilwa, na hakurudi tena. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Wengi walipakiwa majahazini kwenda kuuzwa Unguja. Mama yule alitaka kupaona mahali walipouzwa watu. Hilo tu ndilo alilolifuata.

Tulipohesabu upya mara za kulala, fedha yake haikutosha. Akasema, "Basi nyinyi nendeni. Mimi nitawangojea hapa Mbagala."

Wenzake hawakukubali. Walitafuta kwa simu nyumba ya wageni upande wa Ng'ambo, yenye chumba cha vitanda vitatu. Akina mama watatu wakakaa chumba hicho na kugawana bei. Wakakubaliana pia kwamba chakula cha mchana watakula kwa mama lishe. Mama yule akavuka bahari.

Soko la mwisho la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mahali pale lilijengwa kanisa kubwa la Anglikana, ambalo bado lipo. Uani kuna sanamu za watu waliosimama shimoni, shingoni wamefungwa minyororo. Mama alisimama pale muda mrefu. Kisha alisema neno moja tu: "Nimefika." Nasi tukaendelea na safari.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo sababu nakuambia usikate tamaa kwa ajili ya bei. Kaa chini na wenzako, mhesabu pamoja.

KULALA DAR ES SALAAM

Usitafute chumba katikati ya jiji. Tafuta pembezoni, kwa kufuata njia uliyoingilia.

Ukitoka Kilwa, Lindi au Mtwara, utaingia kwa Barabara ya Kilwa. Gesti ziko nyingi Mbagala, Mtoni na Temeke. Lakini kumbuka, wakati wa Sabasaba gesti za Temeke hujaa. Piga simu mapema.

Ukitoka Morogoro, Dodoma au mikoa ya mbali zaidi, basi litakufikisha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Gesti ziko Mbezi na Kimara. Ziko pia Magomeni na Kinondoni, ambako ni karibu zaidi na bandari. Mabasi ya mwendokasi hutoka Kimara, hupita Magomeni, hadi Kivukoni.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Kivukoni kuna pantoni ya kwenda Kigamboni. Hiyo si boti ya Unguja. Boti za Unguja huondokea mbele kidogo, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Uliza mapema, usije ukapanga foleni isiyo yako.

Kabla hujalipa chumba, omba kukiona. Fanya mambo haya:

1. Jaribu kufunga mlango kwa ufunguo, ukiwa ndani na ukiwa nje.
2. Angalia kama kuna chandarua, na kama kina matundu.
3. Fungua bomba uone kama maji yanatoka.
4. Uliza kama choo na bafu vimo ndani ya chumba au mnachangia.
5. Uliza saa ya kutoka. Gesti nyingi hutaka utoke saa nne asubuhi. Ukichelewa, unaweza kudaiwa siku nyingine.
6. Omba risiti. Soma kilichoandikwa kabla hujaitia mfukoni.

Utapewa kitabu cha wageni ili ujaze jina lako, unakotoka na unakokwenda. Jaza mwenyewe. Kisomo ulichokipata ni cha kutumia mahali kama hapo.

KUVUKA NA KULALA UNGUJA

Kata tiketi kwenye ofisi ya boti yenyewe, si kwa mtu aliyesimama nje. Chukua kitambulisho chako. Jina la kwenye tiketi liwe sawa na la kwenye kitambulisho. Boti ziendazo kasi huchukua kiasi cha saa mbili. Waliopanda mara ya kwanza wasile sana kabla ya kupanda, maana bahari huchafuka.

Usibebe miche wala mbegu bila kuuliza. Mimea hukaguliwa bandarini ili magonjwa na wadudu wasivuke. Usibebe pia mifuko ya plastiki, kwa kuwa imekatazwa bara na visiwani. Beba kikapu.

Ukishuka bandarini Malindi, vijana watakufuata. Watasema wanajua hoteli ya bei nafuu. Wenyeji huwaita papasi, kwa jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Papasi akikupeleka hotelini, mara nyingi hulipwa na mwenye hoteli, na fedha hiyo huongezwa kwenye bei yako. Mjibu kwa heshima: "Ahsante kaka, nina mwenyeji wangu." Kisha endelea kutembea.

Nyumba za wageni za bei ndogo utazipata Malindi, karibu na bandari. Ukivuka barabara kwenda Ng'ambo, kama Mlandege na Amani, mara nyingi bei hupungua. Kutoka Mlandege hadi Darajani ni mwendo mfupi kwa miguu.

Unapopiga simu, uliza hivi: "Bei ya Mtanzania ni shilingi ngapi? Kodi zote zimo? Chai ya asubuhi imo?" Wakikutajia dola, omba bei kwa shilingi. Iandike. Lakini usitume fedha yote kwa mtu usiyemjua. Kama unavyojua, wako matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Angalia pia majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba na Januari, wageni ni wengi na vyumba ni ghali. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, bei hushuka, lakini mvua ni kubwa na shamba linakuhitaji. Kwa wakulima wengi mwezi wa Februari unaweza kufaa. Wewe tazama kalenda ya mazao ya kwenu. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kula njiani. Siku zote vaa nguo ya heshima.

CHA KUONA KWA FEDHA KIDOGO

Kutembea vichochoroni hakulipiwi. Tazama milango ya mbao iliyochongwa. Tazama Ngome Kongwe pale Forodhani, yenye kuta ndefu. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati. Litazame kwa nje, na uulize kabla ya kutaka kuingia.

Nenda soko la Darajani asubuhi. Jengo lake ni la mwaka 1904. Wewe mkulima utapenda kuona karafuu, hiliki na mdalasini vinavyopangwa na kupimwa. Jioni nenda Forodhani. Kuna urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Uliza bei kabla ya kula, si baada ya kula.

BAHASHA YA KURUDI

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Gawa fedha yako katika bahasha nne, na kila moja uiandike kwa kalamu:

KWENDA: basi na boti.
KULALA: mara zote nne.
KULA NA KUONA: chakula, viingilio, daladala.
KURUDI: boti, basi, na kidogo cha dharura.

Bahasha ya KURUDI ijazwe kwanza, kabla ya nyingine zote. Kama una simu, fedha hiyo iache kwenye simu, na namba ya siri usimwambie mtu. Bahasha ya KULA ikiisha, usifungue ya KURUDI. Kula mkate na chai, kisha urudi nyumbani.

Na kama ukishaijaza bahasha ya KURUDI, zilizobaki hazitoshi, usiende mwaka huu. Usiuze mbegu. Usikope kwa ajili ya matembezi. Weka akiba kidogo kidogo, uende mwakani. Mji ule umekuwapo kwa miaka mingi, nao utakungoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kijijini kwenu hadi Unguja na kurudi, mtalala mara ngapi nje ya nyumba?
2. Kwa nini bahasha ya KURUDI hujazwa kwanza?
3. Chumba kimoja ni shilingi 36,000. Watu watatu wakikilala mara mbili, kila mmoja atalipa kiasi gani?
4. Je, katika kijiji chenu yuko mzee anayejua habari za njia ya watumwa au za biashara ya zamani? Mwombeni awasimulie, nanyi mwandike.