Wosia kwa Atakayezitunza Diski Pacha

Mwanangu,

Mwisho wa mwezi huu nakabidhi funguo za chumba cha seva. Humo nakuachia diski mbili ambazo Linux inazitumia kama moja, /dev/md0: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Hakuna kadi maalumu. Kernel yenyewe ndiyo inayofanya kazi, na wewe unaisimamia kwa mdadm. Kuziunganisha ni amri moja, utaijua siku hiyohiyo. Ninayokuusia ni ya baada ya hapo.

Diski pacha ikifa, haipigi kelele. Mafaili yatafunguka, watu watafanya kazi zao, hakuna atakayelalamika, kumbe imebaki moja tu. Basi kila asubuhi, kabla hujanywa chai, soma /proc/mdstat. Ukiona [UU], zote zimo kazini. Ukiona [U_], moja imetoka. Acha yote unayofanya.

Acha yote, lakini usikurupuke. Majina sda na sdb yanaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo usichomoe diski kwa kufuata jina. Soma namba yake kwa smartctl, ilinganishe na iliyochapwa kwenye lebo, herufi kwa herufi. Ukichomoa nzima ukaacha mbovu, umeweka rehani jasho la watu wote wa ofisi hii. Ukishaweka mpya, ile iliyobaki itasomwa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa saa nyingi. Ndiyo maana sinunui mbili za toleo moja, kwani huenda zikachoka pamoja. Na GRUB iwe kwenye zote mbili, la sivyo siku ya kuwasha seva kwa iliyosalia utakuwa na data zote na mashine isiyowaka.

Atakayekuambia diski pacha ni bekapu, usimsadiki. Karani akifuta faili, limefutika kote kwa mara moja. Bekapu ya usiku inakaa jengo jingine. Usitosheke kuona kwamba ipo. Rudisha faili mojamoja kutoka humo, ufungue, usome.

Kwenye mdadm.conf, mstari wa MAILADDR bado una anwani yangu. Weka yako, kisha tuma taarifa ya majaribio: mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Usiondoke kitini mpaka barua hiyo iingie kwenye simu yako.