Soma Hata Matangazo ya Zamani

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako kuna magazeti ya zamani? Watu wengi huyafungia vitumbua au huyawashia moto. Nakuomba uyasome kwanza. Soma habari, kisha soma na matangazo ya biashara.

Mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara. Marehemu baba aliacha sanduku la magazeti. Mengine yameliwa na mchwa. Katika gazeti moja niliona tangazo la betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam. Picha yake inaonyesha watu wamekaa chini ya mti, na katikati yao ipo redio ndogo.

Betri hizo tuliziita mawe. Zilikuwa ghali kwa mkulima. Zilipopungua nguvu tulizianika juani, redio ikapata kusema siku mbili zaidi. Kwa hiyo redio haikufunguliwa ovyo. Kila mtu alijua vipindi vya Radio Tanzania na saa zake. Palikuwa na Mkulima wa Kisasa na Mazungumzo Baada ya Habari. Baadaye Pwagu na Pwaguzi walituchekesha sana.

Ukurasa wa pili niliona tangazo la kipindi nilichokisahau kabisa: Mtu ni Afya.

Mtu ni Afya ilikuwa kampeni ya kisomo kwa redio. Ilifanyika mwaka 1973, kwa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi nchini. Kila kikundi kilisikiliza redio pamoja. Kisha kiongozi alisoma kitabu kwa sauti, watu wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Walijifunza habari za malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu.

Nilimpelekea shangazi gazeti lile, nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, kipindi hicho ndicho kilichompatanisha mama yako na jirani."

Mwaka 1972 mdogo wangu alikufa kwa kuhara. Alikuwa na umri wa miaka 2. Hayo niliyajua. Sikujua kwamba mama alimshuku jirani yetu kuwa amemloga mtoto. Wanawake hao wawili hawakusalimiana tena, hata kisimani.

Mwaka uliofuata wote wawili walikuwa katika kikundi kimoja. Siku ya somo la kuhara, kiongozi aliwauliza watu wanakunywa maji gani na wanajisaidia wapi. Kisima chetu kilikuwa kifupi. Choo chetu kilikuwa kichaka. Masika, maji ya mafuriko yalipita kichakani yakaingia kisimani. Mama alisikia hayo, akainamisha kichwa.

Juma lile baba alichimba choo mahali palipoinuka, mbali na kisima. Mama alianza kuchemsha maji ya kunywa. Kisha alichukua kuku, akaenda kwa jirani kuomba radhi. Jirani alimpokea, wakalia pamoja.

Ndugu msomaji, sauti ya redio hupita kama upepo. Karatasi hubaki, mchwa wasipoiwahi. Tangazo lile halikuandika habari za mama yangu. Lilitaja jina la kipindi tu, lakini jina hilo lilimkumbusha shangazi mambo yote.

Basi, ukipata gazeti la zamani, msomee mzee wako. Muulize alisikiliza kipindi gani, na alifanya nini baada ya kukisikiliza. Andika majibu yake katika daftari. Fanya hivyo mapema, maana wazee nao hawakai milele.

Maswali ya mazungumzo
1. Kwa nini redio haikufunguliwa ovyo?
2. Maji ya kisima yalichafuka kwa njia gani?
3. Katika kijiji chenu, nani anakumbuka vipindi vya zamani?