KIDATO CHA TATU NDICHO LANGO LA CHUO KIKUU

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanafunzi wenzangu, ufa ninaotaka kuutaja hapa ni ile fomu ya kuchagua masomo tunayojaza tunapoingia Kidato cha Tatu. Wengi huijaza mbio mbio kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho ya Kangemi. "Fizikia ni ngumu, wacha niiangushe." "Rafiki yangu anafanya Biashara, nami namfuata." Basi! Kumbe hapo ndipo tunapoanza kuchagua kozi ya chuo kikuu.

Nayasema haya kwa sababu ya dada yangu. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2023 akapata B. Nyumbani tulishangilia, mama akachinja kuku. Ndoto ya dada ilikuwa uhandisi. Lakini wapi! Fizikia alikuwa ameiangusha Kidato cha Tatu, na KUCCPS, ile taasisi inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, haiangalii alama ya wastani peke yake. C+ hukufungulia lango la shahada, lakini kila kozi ina masomo yake manne yanayohesabiwa. Uhandisi unadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari unadai Bayolojia na Kemia. Huna somo, huna kozi, hata B yako ing'ae namna gani. Dada akaingia Uchumi. Sasa anaupenda, lakini tukipita kwenye majengo yanayojengwa kando ya Waiyaki Way yeye husimama akayatazama, nami hunyamaza.

Na ninyi mnaokidharau Kiswahili, sikieni. Tangu mtihani wa 2023, wastani wa KCSE hupigwa kwa Hisabati, lugha moja uliyoifanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili!

Jambo la pili ni pesa. Wakati wa likizo nilimsindikiza dada mjini kuuliza habari za karo. Tulipanda namba 23 hadi mjini, tukatembea mpaka jumba la Anniversary Towers, University Way, zilipo ofisi za HELB, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba ufadhili na mkopo ni vitu viwili. Ufadhili haurudishwi. Mkopo ni deni lako wewe mwanafunzi, si la mzazi.

Mwaka wa 2024 familia ziliwekwa katika makundi matano kulingana na uwezo. Sisi tuliwekwa kundi la tatu: ufadhili asilimia 50, mkopo 30, na familia 20. Chukua mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Ufadhili ni 100,000, mkopo 60,000, na mzazi atoe 40,000. Mama yangu huuza sukumawiki. Nilipiga hesabu kwa fungu la shilingi 20 nikapata mafungu 2,000, na hayo ni mauzo tu, si faida! Kwa miaka minne, mkopo wa karo pekee unafika 240,000, mbali na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Pesa za kujikimu, zile wakubwa wetu waliziita "bumu", nazo ni mkopo.

Mama aliposikia aliuliza, "Kwa hivyo mtoto wangu anaanza maisha na deni?"

"Mama, dawa ya deni ni kulipa," dada akamjibu. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo anatakiwa aanze kulipa. Mikopo ya vyuo ilikuwapo nchini hata kabla HELB haijaundwa mwaka wa 1995. Aliyekopa jana akilipa, mwenzake wa leo naye hupata.

Viwango hivi havikai. Mfumo wenyewe umebishaniwa hata mahakamani, na mwaka wa 2025 serikali ilipunguza karo. Kwa hivyo uliza habari mpya, usitegemee za mtaani. Tena pesa haziji zenyewe: lazima uombe kwa intaneti na ueleze hali ya kwenu kwa ukweli.

Mimi nimebaki na Fizikia. Muhula uliopita nilipata D, na wenzangu wananicheka ati najitafutia maradhi. Wacha wacheke. Kila Jumatano baada ya masomo tunabaki watatu na mwalimu, tukifanya maswali ya umeme mpaka jioni. Huenda uhandisi nisiupate, lakini sitaki kujifungia mlango mwenyewe kwa kalamu yangu.

Mwenzangu, kabla ya kuangusha somo jiulize: kozi ninayoitaka inadai masomo gani? Itagharimu pesa ngapi? Nani atalipa, na lini? Ukipata majibu, jaza fomu yako bila wasiwasi.