Getini Elfu Kumi, Njiani Laki Tano

Uswisi haikosekani katika orodha za nchi ambazo mtu anashauriwa azitembelee walau mara moja maishani, na sababu inayotajwa ni ile ile kila mara: milima. Lakini kwa milima peke yake sisi Watanzania hatuna cha kuwaonea wivu. Kilele kirefu kuliko vyote vya Uswisi, Dufourspitze, kina mita 4,634. Kilimanjaro una mita 5,895, na miguuni pake kuna migomba na kahawa. Kinachoifanya Uswisi itembeleke ni jambo ambalo halitokei vizuri kwenye picha. Mtu anayefagia ofisi Zürich anaweza kuamka Jumapili, akapanda treni, akahamia basi, akafika chini ya barafu, akatembea mpaka miguu ikauma, na jioni akawa kwake anapika. Hahitaji gari wala kampuni ya utalii, na wala hahitaji kujuana na mtu. Hapo ndipo tofauti yetu na wao ilipo, na hoja yangu ni kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukiitafuta mahali pasipo pake, yaani kwenye bei ya geti.

Getini, kusema kweli, Tanzania imemtendea haki mwananchi wake. Kiingilio cha Serengeti kwa raia mtu mzima ni shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni kutoka ng'ambo analipa dola 70 msimu wa watalii wengi, naye kabla ya kodi. Kuna Wazungu wanaolalamika kwamba huo ni ubaguzi; malalamiko hayo hayana uzito, kwa sababu hifadhi hizo zimesimama kwenye ardhi ambayo wenyeji waliiachia. Tatizo linaanza unapojiuliza huyo raia atafikaje getini, na akishafika ataingiaje. Ndani ya Serengeti hakuna daladala. Kinachotakiwa ni Land Cruiser ya kufunguka juu, pamoja na dereva wake, mafuta yake na posho yake, na si ajabu kudaiwa dola 200 kwa siku, takriban laki tano za Kitanzania. Punguzo la getini linamezwa kabla gari halijatoka Arusha. Ni sawa na kualikwa harusini bila kadi ya mchango, kisha ukaambiwa ukumbi uko kisiwani na boti ujitafutie.

Tulinganishe mahali pawili panapofanana kuliko watu wanavyodhani. Mashariki mwa Uswisi, karibu na Zernez, kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1914. Sheria zake ni kali kupita zetu: haruhusiwi mtu kutoka nje ya njia hata hatua chache, kuchuma ua, wala kuingia na mbwa hata akiwa kwenye kamba. Kiingilio hakuna. Barabara kuu ya kuvuka mlima inapita katikati ya hifadhi, na juu yake linapita basi la njano la PostAuto, lile lenye honi ya sauti tatu inayosikika kwenye kona za milimani. Basi hilo lina vituo ndani ya hifadhi. Unashuka, kuna kibao, kuna njia, na kwenye nguzo ya kituo imebandikwa ratiba inayokuambia basi la kukurudisha litapita saa ngapi na dakika ngapi. Sasa nenda Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inaikata kwa urefu wa kama kilomita 50. Kila siku mabasi ya mkoani yanapita humo yakiwa yamejaa. Abiria wanawaona twiga, pundamilia, nyani barabarani, na siku za bahati tembo. Mtoto anapiga kelele dirishani, simu zinatolewa, dereva anapunguza mwendo kwa sababu ya matuta na ya mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na dakika chache baadaye safari inaendelea kuelekea Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Watanzania wengi wanaijua Mikumi kwa namna hiyo tu. Wamepita ndani ya hifadhi ya taifa mara nyingi na hawajawahi kuitembelea.

Najua jibu litakalokuja upesi: Uswisi hakuna simba. Ni kweli, mtu hawezi kushushwa katikati ya mbuga kwa kibao na ratiba akaambiwa atembee salama. Ila hoja hiyo inakataza kutembea kwa miguu, haikatazi basi. Bonde la Zion kule Marekani hupitiwa na mabasi ya hifadhi yenyewe tangu mwaka 2000, na kwa sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara yake ya juu. Kenya nayo haiko mbali na wazo hili, maana shirika lake la wanyamapori, KWS, limewahi kuendesha basi la mwisho wa wiki kutoka katikati ya Nairobi hadi kwenye hifadhi ya jiji, na mtu asiye na gari akaona kifaru kwa bei ya kiti kimoja. Mikumi inahitaji kituo rasmi getini, basi la hifadhi lenye mwongozaji, na ratiba inayooana na mabasi ya mkoani. Tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, inamfikisha mtu Morogoro kutoka Dar kwa mwendo wa kama saa mbili. Kipande kilichobaki kufika Mikumi ni kifupi, na ndicho kisicho na mwenyewe.

Tena tusizungumze kana kwamba nchi nzima ni simba. Milima ya Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, na ni ya kutembea kwa miguu. Haina barabara ya magari ya kuipasua katikati. Maporomoko ya Sanje yanashuka kama mita 170, na njia yake inapita kwenye msitu wenye mbega wasiopatikana kwingine duniani. Geti lake liko Mang'ula, kando ya barabara ya Ifakara, ambako mabasi ya kawaida yanapita, na reli ya TAZARA ina stesheni pale pale. Kwa vipimo vya Uswisi, mahali hapo pamekamilika: treni, basi, msitu, maporomoko. Kinachokosekana ni mtu kuambiwa. Watalii wa ndani ni wachache kuliko inavyostahili, kwa sababu matangazo yetu yanamwonyesha Mtanzania yale yale anayoonyeshwa Mjerumani, yaani Serengeti na nyumbu wakivuka mto, safari ambayo yeye haimudu, na yanalificha lile analolimudu.

Pingamizi la pili ni la fedha: Uswisi ni tajiri, ina reli kila bonde. Hili nalikubali nusu. Reli ya kupanda Jungfraujoch, mita 3,454, iliyofunguliwa mwaka 1912, hatutaijenga, na hata huko kwenyewe nauli kamili ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken inazidi faranga 200, kiasi kwamba Waswisi wengi wanawaachia watalii wa kigeni. Lakini kitu kinachotumika zaidi nchini humo ni kibao cha njano. Kiko kwenye njia panda za milimani, kimeandikwa jina la mahali, kimo chake kutoka usawa wa bahari, na chini yake mishale yenye muda wa kutembea, kwa saa na dakika badala ya kilomita, kwa sababu kilomita mbili za kupanda si sawa na mbili za kushuka. Njia zenye vibao hivyo zina jumla ya kilomita 65,000 hivi. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura njia za miguu ziingizwe kwenye katiba, na zimo mpaka leo katika ibara ya 88. Vibao vingi vinatunzwa kwa msaada wa watu wa kujitolea. Hapa kwetu, Lushoto ina njia nzuri za kwenda Irente na Magamba zilizokanyagwa na wenyeji vizazi kwa vizazi. Kuzichora, kuzipima na kuziwekea vibao kunaweza kufanywa na halmashauri moja na mafundi wa pale pale.

Lipo na neno ambalo wakubwa wetu wanalisema chini chini: kwamba mwananchi hana faida, mgeni ndiye mwenye dola. Hesabu hiyo ilipimwa mwaka 2020, wakati wa korona. Wageni wa kimataifa walioingia Tanzania walianguka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kama laki sita na ishirini elfu, na Arusha kampuni ziliegesha magari. Uswisi nayo iliumia, hasa hoteli za mijini, ila kiangazi kile mabonde ya Graubünden yalijaa Waswisi wenyewe. Hata katika mwaka mzuri kama 2023, karibu nusu ya usiku uliolalwa kwenye hoteli za nchi hiyo ulikuwa wa wenyeji. Mwenyeji hulipa kidogo, lakini anakuja mvua ikinyesha na mipaka ikifungwa. Wala si kweli kwamba kwetu hatuna desturi ya kutembea. Angalia barabara ya Moshi mwezi Desemba, boti za Zanzibar wakati wa Idi, Lamu wakati wa Maulidi. Watu wetu husafiri kila penye usafiri wa umma na mahali pa kulala panapoeleweka. Hata likizo ipo kisheria kwa walioajiriwa: siku 28 kwa mwaka Tanzania, na wiki nne Uswisi.

Kwa hiyo ombi langu kwa TANAPA, wenye hifadhi, na TRC, wenye reli, ni dogo: basi moja, kila Jumamosi, kutoka stesheni ya SGR Morogoro kwenda Mikumi na kurudi jioni, tiketi yake ikatwe pamoja na ya treni na kiingilio kiwe ndani yake. Na kwako ndugu wa ughaibuni unayerudi Desemba na kuambiwa ukodishe Land Cruiser uwapeleke wazazi Serengeti, uliza kwanza nauli ya Mang'ula.