Sikio la Namhala

Injini ya dizeli haina plagi. Hakuna cheche, hakuna anayeuamuru moto uwake. Pistoni inabana hewa mpaka inapita nyuzi joto 500, nozo inapuliza mafuta, halafu inabaki kusubiri. Kusubiri kwenyewe ni kufupi mno, ila ndiko kunakoamua yote. Moto ukiwahi, chuma kinagonga kama kimepigwa nyundo. Ukichelewa, ni moshi tu, nguvu hakuna, na foleni ya akina mama wenye madebe ya mahindi inafika barabarani.

Pale Bariadi, kabla umeme haujafika mtaani kwetu, mashine ya kusaga ilikuwa ya dizeli, na taimingi yake ilikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Tulimwita Namhala, yaani mzee kwa Kisukuma. Alikuwa anang'ata mpini wa bisibisi, anaegemeza ncha kwenye injini, anafumba macho. Kisha anachomoa kibati chembamba chini ya pampu, au anaongeza kimoja, basi. Ukimuuliza kajuaje: "Mwanangu, si inasema?"

Mwaka 1955, J. C. Livengood na P. C. Wu waliiandikia hesabu subira hiyo. Kila kipande cha muda, kwa joto na mgandamizo wa wakati huo, mchanganyiko unasogea kidogo kuelekea moto. Jumlisha visogeo hivyo. Jumla ikifika 1, unawaka. Wahandisi wa dizeli waliichukua hesabu hiyo, wakairahisisha, maana kompyuta ya injini haiwezi kufuatilia kemia yote. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, digrii 1 ya krenki inapita ndani ya sehemu 1 ya 6,000 ya sekunde. Wasomaji wa riwaya mtanielewa: hawatafuti ukweli wote, wanatafuta muhtasari unaotosha kuamulia.

Namhala naye alikuwa na muhtasari wake, ila ulikuwa unaliwa na injini ileile. Miaka ya kusimama kando yake bila kuziba masikio ilimfanya asisikie hata salamu. Bisibisi ile haikuwa madoido. Masikio yalishamwacha, akahamia kwenye meno na mfupa wa taya.

Kijana wake alijaribu kuandika daftarini. Alichopata ni idadi ya vibati, na hiyo ilifaa injini moja tu, kwa dizeli ya wiki ile.