Sungura Wasiopatana: Subira ya Uingereza na Mbao za Nyumbani

Miongoni mwa mambo ambayo mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Uingereza huyaona kuwa kituko kabla ya kuyaona kuwa maarifa, upatanisho wa sungura hauko nyuma. Upatanisho huo, yaani kazi ya kuwazoesha sungura wawili wasioelewana hadi wakubali kuishi mahali pamoja bila kuumizana, una taratibu zake, vifaa vyake na hata watu wanaoufanya kwa malipo, nao huweza kuchukua siku chache, wiki kadhaa au miezi. Aliyelelewa katika nyumba ambamo sungura aliishi nyuma ya jiko, akalishwa na watoto wa kiume na kuishia chunguni siku ya sikukuu, hucheka kwanza. Kinachoudhi ni kwamba jamaa wa nyumbani, wakisimuliwa habari hizo kwa simu, huendelea kucheka hata pale hoja zao zinapokuwa zimekwisha.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka mfugaji atimize mahitaji ya mnyama wake, na mojawapo ni kukaa pamoja na wanyama wengine, au kutengwa nao, kadiri maumbile yake yanavyodai. Kwa kuwa sungura wa kufugwa anatokana na sungura-mwitu wa Hispania na Ureno, ambao huishi kwa makundi katika mashimo yaliyounganishwa chini ya ardhi, wataalamu wa huko wanashikilia kwamba sungura asiye na mwenzake amepungukiwa. Chama cha Rabbit Welfare Association and Fund hupendekeza jozi ya sungura ipewe eneo lisilopungua mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, vipimo ambavyo mpangaji wa chumba kimoja London hawezi kuvisoma bila kutazama kuta zake.

Kazi yenyewe huanzia kwa daktari wa wanyama. Dume huhasiwa na jike hutolewa kizazi, kwa sababu homoni, yaani kemikali za mwili zinazoamsha hamu ya kuzaa na ya kutawala eneo, huchochea sehemu kubwa ya ugomvi. Na kwa kuwa dume aliyehasiwa huweza kubaki na mbegu hai kwa wiki kadhaa, haruhusiwi kumkaribia jike mwenye kizazi kabla ya muda huo kupita. Kisha wawili hao huwekwa katika vizimba vinavyopakana, wakitenganishwa kwa wavu, na trei zao za choo hubadilishanwa ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake, kwa maana sungura ana tezi chini ya kidevu ambazo huzisugua kwenye kila pembe anayoidai kuwa yake. Mkutano wa kwanza, kwa sababu hiyohiyo, hufanyika mahali ambapo hakuna kati yao mwenye madai, mara nyingi bafuni, ambako mwenye nyumba huketi sakafuni akiwa na glavu nene, huku rundo la nyasi kavu likiwekwa katikati na maboksi yenye milango miwili yakipangwa ili anayefukuzwa asinaswe. Kupandana na kunyofoana manyoya kidogo huvumiliwa, kwani hivyo ndivyo ukubwa unavyoamuliwa. Lakini masikio yakilala nyuma, mikia ikasimama na wawili wakaanza kuzungukana kwa kasi, hutenganishwa papo hapo, tena kwa ufagio au kipande cha boksi, si kwa mkono mtupu.

Nyumbani ugomvi huo ulikwisha kutatuliwa kwa mbao na misumari: kila sungura mkubwa na kizimba chake, mkojo ukikingwa chini uuzwe kama mbolea. Hata hivyo mfugaji wa nyumbani anayedhaniwa kuwa hana habari anajua kwamba jike hupelekwa kwenye kizimba cha dume, kamwe si dume kwa jike, kwa sababu jike akivamiwa kwake hushambulia. Kanuni hiyo na ile ya bafuni ni elimu moja. Tofauti ni kwamba mfugaji huitumia kwa dakika chache, kisha humrudisha jike kwake na kuanza kuhesabu siku 31 hivi za mimba.

Waliolelewa kwa methali inayomwagiza mtu ashike jembe akalime ndugu wanapogombana, wakiamini kwamba damu itawapatanisha, hupotoshwa sana wanapoihamishia bandani. Katika familia moja ya Tanga yenye mjukuu anayeishi Leeds, watoto walinunuliwa madume wawili wa mzao mmoja, na babu akawahakikishia kwamba waliozaliwa pamoja hawadhuriani. Walilala wakiwa wameegemeana hadi walipokaribia miezi minne, umri ambao madume wengi huwa wamepevuka. Asubuhi moja mmoja wao akakutwa ameng'atwa korodani, jeraha linalojulikana sana kwa madume wanaopigana. Babu alilaumu chakula, mjukuu wa Leeds alilaumu homoni, na ubishi huo haujapata mwamuzi hadi leo.

Uingereza nayo haikosi unafiki wake, kwa kuwa sungura mmoja bado huuzwa dukani pamoja na kijumba kisichomtosha kuruka. Lakini jozi ikishapatana, huheshimiwa kwa namna inayomlainisha hata mcheshi wa Tanga: mmoja akienda kwa daktari, mwenzake humsindikiza, ili harufu ya dawa isimfanye awe mgeni anaporudi; na mmoja akifa, mwili huachwa na aliyebaki kwa saa kadhaa, ili aunuse na aache kumtafuta. Eda haipo: kituo cha kuokoa wanyama humpokea mfiwa na kumwonyesha wachumba mmoja baada ya mwingine, hadi apatikane asiyemng'ata.

Anayefuga kwa ajili ya kitoweo ataendelea na vizimba vyake, na kama vizimba hivyo vinamtendea haki mnyama ni mjadala unaohitaji nafasi yake. Lakini mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayewanunulia watoto sungura wawili wa kupenda asiutegemee undugu wao. Amtafute kwanza daktari wa mifugo awezaye kumhasi dume, asubiri wiki 6, ndipo amkutanishe na jike mahali pasipo pa yeyote kati yao. Na akimkosa daktari, aweke vizimba viwili vinavyopakana kwa wavu, waonane na kunusana bila kudhuriana.